Kikombe Alichokatazwa

Mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo pale maabara nilimbatiza Usafi siku ya kwanza tu, maana aliifuta meza yangu kabla hata ya salamu.

"Dada, na hiki nikioshe?" Alikuwa ameshika kikombe changu cha chai, cheusi ndani kama sufuria ya kuni.

"Thubutu! Hicho ndicho kinachonipa akili. Kingine chochote osha, hicho kiache."

Akacheka. Nami nilicheka, ingawa kucheka kwenyewe nilikuwa nimekusahau.

Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya mrija mmoja wa kioo uliojaa chembechembe, na juu ya chembe hizo kimeng'enya, yaani enzaimu, nilichokihangaikia miaka mitatu. Pampu inasukuma malighafi ya dawa upande huu, kimeng'enya kinaibadilisha, dawa inatoka upande wa pili tone kwa tone, bila kusimama. Kingine hakikuwepo. Bakteria waliokuwa wakikitengeneza walifia kwenye friza iliyoharibika. Profesa alishaniambia bila kupepesa macho: kikifika Ijumaa kingali hai, naandika tasnifu, kikifa, mradi unafungwa, narudi nyumbani mikono mitupu.

Jumatano mchana nilimpeleka mama kliniki, nikamwachia Usafi pampu.

Asubuhi yake nilikuta meza inang'aa na matone yanadondoka vizuri tu. Nikapima. Kilichoingia ndicho kilichotoka. Nikapima tena. Nikainamia chupa ya taka, nikanusa. Spiriti.

"Umefanya nini wewe?"

"Niliuosha mrija, dada. Ulikuwa na utando. Chuoni tunaambiwa tupitishe spiriti kila jioni. Halafu nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa."

Ole wangu! Mrija mtupu, sawa, uoshe utakavyo. Kimeng'enya ukikipitishia spiriti umekiua, na kikifa hakifufuki. Nilimfokea mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia. Nilimtolea maneno ambayo mama angeyasikia angenizaba kofi. Yeye machozi yanamdondokea kwenye glavu.

Kisha hasira ikaniishia, nikakaa sakafuni. Nilihuzunika jamani, nisiwafiche. Pampu ilikuwa bado inasukuma. Hakuna aliyeizima.

Nikanyoosha mkono kutafuta chai ya jana. Kikombe kilikuwa palepale, na weusi wake wote.

"Hicho sikukigusa, dada," akasema. "Ulinikataza."