Tairi la Kuvutwa na Gunia la Maharagwe

Paskazia hakuwa na ugomvi na gari. Ugomvi wake ulikuwa na matairi.

Gari lilikuwa la mwanawe Manase, jeupe, na kila Jumamosi lilibeba bibi harusi pale mjini Gitega. Lilikuwa gari lenye adabu zake mpaka siku Manase alipoona kwenye simu magari ya vijana wa nchi za mbali, yamelala chini kama bata anayeatamia. Usingizi ukamruka. Akalipeleka kwa Sudi, fundi wa mtaa wa Musinzira, na Sudi akang'oa springi zote nne, akaweka mahali pake mabaluni ya mpira yanayojazwa hewa. Kwenye buti akafunga tangi la hewa na kompresa ndogo. Ukibonyeza kitufe hiki, gari linainuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Ukibonyeza kile, fyuu, linakaa chini. Mabibi harusi walilipenda, na watoto wa mtaa walilipigia makofi.

Hilo Paskazia angelivumilia. Lakini Manase alinunua na ringi pana, halafu akataka zivalishwe matairi membamba, mpira uvutwe mpaka ushike kingo zote mbili. Ukilitazama tairi lile unaona mtu mnene aliyevaa shati la mdogo wake.

"Linashikwa na nini pale?" Paskazia aliuliza.

"Hewa, mama."

"Na hewa inashikwa na nini?"

"Inashikwa na tairi."

"Basi hapo hakuna aliyemshika mwenzake."

Sudi akacheka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mama, iko sawa. Mi nakwambia, watu wawili, vikapu viwili, na mwendo wa pole. Ukizidisha pale, we na Mungu wako."

Maneno hayo Paskazia aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Yawekeni akilini.

Miezi mitatu baadaye binti yake Jeska alijifungua kule Muyinga, alikoolewa. Mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Kwetu mzazi haendewi mikono mitupu. Anahembwa, maana yake anapelekewa pombe ya ndizi, unga wa uji, sabuni ya mtoto, na chochote ambacho nyumba inacho. Manase akasema atampeleka mama yake kwa gari, baba yake abaki kulinda nyumba. Paskazia akasema kwa matairi yale haendi. Wakavutana siku mbili, mwisho wakapatana hivi: gari likifika Muyinga bila kuwasimamisha njiani, Paskazia hatayataja matairi tena maisha yake yote. Likiwasimamisha, Manase anarudisha matairi ya kawaida.

"Vikapu viwili na bidoni moja ya pombe," Manase akasema. "Umesikia kwa fundi."

"Nimesikia, baba."

Alisikia, ndiyo. Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na gunia la maharagwe kutoka Makebuko, kilo sitini, mapya, hata vumbi lake lilinukia shamba. Mama gani atakwenda kumwona mzazi, ayaache maharagwe kama yale nyumbani? Alfajiri, Manase akiwa bombani anaoga, alimwita jirani yake Juma. Wakalilaza gunia sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, upande wa kushoto, wakalifunika kitenge, wakapanga vikapu juu yake. Juma akaapishwa asiseme.

Safari ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, barabara ya lami inakata vilima. Paskazia alikaa mbele na bidoni ya pombe katikati ya magoti, na kila baada ya muda akilegeza kifuniko kidogo, maana pombe changa ukiiziba kabisa hutunisha bidoni mpaka ipasuke.

"Naona na wewe una kompresa yako," Manase akasema.

"Yangu ina mtu wa kuichunga."

Wakapita Karuzi. Watu barabarani waligeuka kuwatazama, na Manase akaendesha na mkono mmoja nje ya dirisha. Paskazia akaanza kujizoeza moyoni maisha ya kutotaja matairi. Aliona yatakuwa marefu.

Zilibaki kilomita chache kufika Muyinga. Kwenye kona ya kuteremka kulikuwa na kishimo, kidogo tu, cha kuku kuogea vumbi. Gurudumu la nyuma la kushoto likaingia, na gunia lote likaegemea upande ule. Ikasikika pwaa. Tairi likavuka ukingo wa ringi, hewa ikatoka yote kwa mara moja, na nyuma ya gari ikahama yenyewe kwenda katikati ya barabara. Lori lililobeba ndizi lilikuwa linapanda. Manase aliukaba usukani, lori likapiga honi ndefu, na Paskazia aliona mkungu mmoja mmoja ukipita kwenye dirisha la mwanawe. Halafu gari likasimama ukingoni mwa mtaro.

Wewe mzazi unayesoma hapa, mtoto wako akikuonyesha kwenye simu gari lililolala vizuri, mwulize kama picha ile ina lori linalopanda.

Paskazia alikuwa ameshinda. Alitaka kusema hivyo, lakini pombe ilikuwa imemwagikia sketi, akashughulika kuikamua.

Manase alishuka, akachukua jeki. Haikuingia, gari lilikuwa limelalia tumbo. Akabonyeza kitufe cha kuinua. Kompresa ikanguruma, ikanguruma, na kona ya kushoto haikunyanyuka.

"Ajabu. Vikapu viwili tu," akasema, akafungua mlango wa nyuma ili avitoe. Akaondoa kikapu cha kwanza. Akaondoa cha pili. Akafunua kitenge.

"Mama."

"Abee."

"Hiki ni nini?"

"Ni maharagwe, baba. Ya Makebuko."

Manase aliweka mikono kichwani. Hapo akafika mwanamume mwenye baiskeli ya mizigo, Audax kwa jina, akauliza kama gari limesinzia. Wakashirikiana kushusha gunia. Gari likashusha pumzi, kona ikanyanyuka, jeki ikaingia. Sudi akapigiwa simu.

"Iko na sabuni?" akauliza. "Paka kwenye jante, ile ringi, pande zote, mpira upate kuteleza. Halafu fungulia hewa ya tangi yote, mara moja. Na we sogea mbali, usiweke uso pale."

Sabuni ilikuwepo, ya mtoto. Paskazia aliipaka mwenyewe, kwa maji ya mtaroni, kama anayeogesha. Manase akaunganisha mpira wa hewa, akafungulia. Tairi likalia mara mbili, likarudi mahali pake. Lakini tangi lilibaki tupu na kompresa ilikuwa ya moto, haikutaka kusikia kitu. Gunia halikuweza kurudi ndani.

Ndivyo walivyoingia Muyinga: mbele Audax na baiskeli yake na kilo sitini za maharagwe, nyuma gari la mabibi harusi likitambaa kwa mwendo wa baiskeli, tumbo likikaribia lami. Audax alitangulia kufika. Alikuwa ameshapewa kikombe cha pombe na Emiliana, mama mkwe wa Jeska, ambaye alisimama mlangoni akiwatazama.

"Maharagwe yamefika salama," Emiliana akasema. "Tukajiuliza wageni wamepotelea wapi."

Ndani, mtoto alipitishwa mikono kwa mikono, akapigiwa vigelegele. Manase hakuacha kueleza.

"Kosa ni la maharagwe," alimwambia kila aliyeingia. "Fundi alisema vikapu viwili. Kilo sitini, upande mmoja."

"Ni kweli," Paskazia akasema mbele ya wote. "Niliyaficha. Mimi nilikimbia nchi hii na sufuria moja kichwani. Tangu siku hiyo sijui kwenda mahali na mzigo mdogo."

Jeska akamwekea kaka yake mtoto mikononi.

"Gari lako ni zuri," akasema. "Nikimaliza siku zangu za uzazi uje utuchukue, twende Gitega, baba naye amwone mjukuu wake. Mimi, mtoto na kifurushi chetu."

"Nitakuja." Manase alimtazama mtoto. Halafu akatazama gunia lililosimama kwenye kona ya chumba. "Una kilo ngapi, dada?"

"Kliniki walinipima sitini na mbili. Kwa nini?"

Manase alimrekebishia mtoto kitambaa, polepole, mara mbili.

"Nipe wiki mbili," akasema. "Mabaluni yanabaki. Matairi nayabadilisha."

Paskazia alihisi maneno yote ya miezi mitatu yakimpanda kooni, yamepangana kama bidoni zinazosubiri bombani. Akavuta chungu cha pombe karibu, akashika mrija, akautia mdomoni.

"Mbona kimya, mkwe?" Emiliana akauliza.

Paskazia akatikisa kichwa, akaendelea kunywa.