Rafu ya Juu

Fundi wa mitambo wa kituo cha redio alirudi kutoka likizo, akafungua mlango wa chumba cha diski. Taa za kijani zilikuwa zikipepesa kama kawaida. Alipoketi kwenye kompyuta, rafu ya juu ya kabati la diski ilimjibu kuwa haina kitu. Akajaribu tena. Haina kitu.

Rafu hiyo ndiyo iliyobeba sauti zote za kituo tangu kianze: mahojiano, michezo ya kuigiza, salamu za asubuhi. Iliyotakiwa kufutwa ipate kuuzwa ni ile kuukuu ya chini. Alikuwa amemsihi meneja amsubiri, meneja akajifanya fundi, akafuta mwenyewe. Na meneja huyo alikuwa mjomba wake, mdogo wake mama, tumbo moja.

"Nimekosea rafu tu," Mjomba alisema. "Zirudishe."

"Hazirudi."

"Kwani diski zimeungua? Si hizo zinawaka?"

"Kila kitu mle kiliandikwa kwa fumbo, Mjomba, na fumbo lina ufunguo wake ndani ya mashine. Ulichofuta ni ufunguo. Sauti zimo, ila hakuna atakayezisikia tena. Hata waliotengeneza hizo diski hawawezi."

"Nakala ya akiba je?"

"Uliikata mwaka jana. Ulisema tunabana matumizi."

Mjomba alisukuma mlango ukafungika, akashusha sauti. "Sikiliza, mpwa wangu. Tuseme diski zilikufa zenyewe. Likitoka kinywani mwako, bodi itakubali."

"Diski ni nzima."

"Nani atajua?"

Hasira zilimpanda hadi masikio yakawa ya moto. Alitoka, akikiogopa kinywa chake mwenyewe.

Alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia.

"Mjomba wako amenipigia analia," mama alisema. "Msitiri, mwanangu. Ni mtu mzima yule."

"Amekwambia amefuta nini?"

"Mambo yenu ya kompyuta."

"Amefuta vipindi vya baba, mama. Vyote. Hata kile alichokusalimia siku niliyozaliwa."

Mama alizima jiko, akakaa. Chakula hakikuliwa.

Asubuhi mama alikuwa ofisini kwa mdogo wake kabla mhudumu hajamaliza kupiga deki.

"Dada, mitambo hii bwana..."

"Usiniletee mitambo. Tangu mume wangu afariki sijawahi kuiomba sauti yake. Nilijua ipo, siku moyo ukiweza nitaisikiliza. Umeifuta kwa pupa zako, halafu unataka mwanangu akubebee mzigo?"

"Watanifukuza."

"Wakufukuze."

Alisimama pale pale mlangoni mpaka Mjomba akawaita wafanyakazi wote, akawaambia kwa kinywa chake. Mtangazaji mkongwe, aliyeanza kazi pamoja na baba, alivua miwani. "Vyote?" aliuliza. Akajibiwa. Akachukua koti lake, na taarifa ya mchana ikasomwa na mtu mwingine.

Bodi ilimwondoa Mjomba. Ndugu wengine walinuna, wakasema fundi ameuza damu yake. Mjomba alipokuja nyumbani kuomba radhi, mama alimpa kiti na maji ya kunywa. Fundi alimwamkia, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hasira zake zilikuwa bado mbichi, na hakuona sababu ya kuziharakisha zipoe.