Muti Yenye Ilishuka Baraka na Mizinga Yake

Siku ya posho, njo Jumamosi, saa kumi na mbili ya asubui, Wilfried alikuwa anasugua meno nyuma ya nyumba yabo, pale muji ya Baraka, njo akaona muti ya marehemu baba yake inaingia lupango. Ilipita pembeni ya choo, pole pole, ju isikanyage mihogo yenye mama alianika. Mizinga saba ya nyuki ilikuwa inaninginia kwa matawi yake.

Wilfried akatema maji. "Mama! Muti ya baba imekuya."

"Ifunge mulango," mama Georgette akajibu toka jikoni. "Mbuzi zitatoka."

Ile muti ilikuwa inakaa mulimani, juu ya Fizi. Tangu bantu fulani balete mashini ya kuchoma majiwe ya zahabu, moshi yabo inaingia ndani ya ukungu, na ukungu inalala ndani ya pori mpaka saa sita. Ukilamba umande kwa majani, iko chachu kabisa. Miti inakauka kuanzia kichwa. Wilfried aliyaona yote na hakuwa na la kufanya. Masomo aliacha zamani. Ile mizinga njo kazi yake, haiko na ingine.

Muti ikasimama karibu na kisima, ikakohoa. Majani ikaanguka.

Wilfried akapanda, akaweka sikio kwa muzinga moja moja. Kimya. Sita zote kimya. Ya saba ilikuwa inanguruma kidogo, sawa telefone chini ya muto ya kulalia.

Jirani Ramazani akachungulia juu ya ukuta ya lupango. "Kikohozi ile? Ipe ndimu na maji ya moto. Mi batoto yangu bote nabaponyeshaka vile."

Wilfried akakamua ndimu kumi na mbili, akamwanga kwa mizizi. Muti ikatetemeka, tawi nzima ikavunjika.

"We mujinga!" mama akatoka na mwiko. "Kitu imekufa na chachu, unaiongeza chachu? Na we Ramazani, rudi kwako!"

Akaleta maji ya majivu, yenye inavunja chachu, ile anachuja kila siku ya kulainisha maharagi. Akamwanga ndoo moja. Akangoja. Akamwanga ya pili. Muti ikaacha kukohoa.

Saa nane Eugène, sekretere wa kartie, ule wa mutaa yabo, akafika na fishi, karatasi ya kuandikia bakimbizi, ju kila mwenye kukimbilia Baraka lazima aandikwe.

"Imetoka wapi?"

"Mulimani, Fizi," Wilfried akajibu.

"Inakimbia nini?"

"Moshi ya mashini ya zahabu."

Eugène akageuza karatasi mbele na nyuma. "Hapa iko vita, iko mafuriko. Moshi haiko."

"Ongeza basi."

"Niongeze wapi, ndugu yangu? Nafasi haiko." Akaweka musalaba kwa vita, akaaga.

Saa kumi, nyuki moja ikatoka kwa muzinga ya saba. Ikazunguka kichwa ya Wilfried, ikaenda kwa maua ya maboga ya Ramazani. Kisha ingine. Kisha nyingi. Kwa tawi ya chini jani moja mupya ikafunguka, kijani, haina tundu. Wilfried akakaa chini kwa udongo, akacheka peke yake mpaka machozi ikatoka.

"Cheka na miguu," mama akasema. "Pita kwa majirani bote, omba majivu."

Kule juu moshi ilikuwa inapanda sawa kila siku. Na kwa barabara ya Fizi, vumbi ilikuwa imesimama: miti zingine zilikuwa zinakuya, zimefuatana, zinakohoa.