Upande wa Pili wa Barabara

Kwanza ujue mabasi ya kwao yalivyo, la sivyo utamcheka bure. Mji wao mdogo una barabara moja tu ya lami, na barabara yenyewe inazunguka mji kama mkanda kiunoni: sokoni, shuleni, hospitali, stesheni, halafu sokoni tena. Mabasi yote yanazunguka kuelekea upande mmoja. Ukipitiliza kituo, unatulia zako kwenye kiti, utaletwa tena. Mtu hapotei hata akitaka. Ndiyo maana Ramani amekua akiamini kwamba basi, ukishajua namba yake, kazi imekwisha.

Ramani ndilo jina walilompachika nyumbani. Alimaliza shule mwaka jana, matokeo yakawa ya katikati, si ya kulia wala ya kushangilia, na tangu hapo yeye na simu, simu na yeye, anaangalia miji ambayo hajawahi kutia mguu na kuwaelekeza watu njia za huko. "Muulizeni Ramani," mjomba wake alikuwa akisema, "anaijua dunia nzima isipokuwa njia ya kwenda shambani."

Lakini siku hiyo haikuwa ya utani. Mama yake alikuwa amekumbatia mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko mlikuwa na kibao cha kaburi, cha mbao ngumu, chenye jina la kaka yake Ramani.

Huyo kaka alikuwa fundi rangi kwenye mji mkubwa. Homa ilimshika ghafla, haikumpa nafasi. Huku nyumbani mvua zilikuwa zimevunja daraja, hakuna gari linaloingia wala kutoka, na mafundi wenzake walisubiri mpaka kusubiri kukashindikana, wakamzika wenyewe. Walipiga simu wakaeleza vizuri tu: makaburi ya mji, basi namba arobaini, ukiingia getini fuata ukuta wa kushoto, utaona kigingi chenye namba. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Jina lake hamkuandika?"

Yule fundi aliyekuwa anaongea sana akasema walipewa namba tu.

Basi Ramani akatafuta mbao, akaipiga randa, akalichoma jina kwa msumari wa moto, herufi moja moja, mpaka lile la utani la utotoni. Daraja lilipotengenezwa, mjomba akawakatia tiketi ya kwenda na kurudi, siku hiyohiyo, maana hapo mjini hawana mtu wa kuwalaza. Akataka kumpa mama na hela ya teksi. Ramani akakataa.

"Mjomba, teksi ni ya watu wasiojua mji. Kaka alinifundisha kila kitu. Unakata tiketi ya siku, unapanda basi lolote, unashuka, unapanda jingine, mpaka uchoke wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Kaka alikuwa akipiga simu Jumapili jioni na habari zake zote ni za mabasi. Kwamba kule hakuna kondakta. Kwamba ukitaka kushuka hupigi kelele "shusha hapo!" kama kwetu, unabonyeza kitufe chekundu, kengele inalia, dereva anasimama kwa adabu zote. Mama alikuwa hamwamini. "Mtu aache kazi zake kwa sababu ya kitufe?" Na kaka anacheka kule, anasema, "Mama, siku ukija nitakuzungusha mji mzima kwa tiketi moja, na kitufe utabonyeza wewe."

Walifika mchana umeshaenda, maana pale darajani magari yalikuwa yanapita moja moja. Geti la makaburi linafungwa saa kumi na moja. Basi la kuwarudisha nyumbani linaondoka jioni. Muda ulikuwepo, ila ulikuwa wa kubana.

Kituo kikuu kilikuwa kikubwa kuliko soko la kwao. Ramani alikata tiketi mbili za siku dirishani, akajifanya hana haraka, akatembea kama mtu aliyezaliwa pale. Walipotokea barabarani, hilo hapo, namba arobaini, mlango wazi.

"Mama, twende!"

"Muulize dereva kwanza."

"Mama, ukiuliza unajitangaza mgeni. Wageni ndio wanaoibiwa. Namba si hiyo?"

Akamshika mkono, wakapanda. Mama akakaa dirishani, mfuko mapajani. Ramani akakaa pembeni yake, kifua mbele.

Sasa basi likaanza kwenda, na mama akaanza kuangalia nje, kwenye kuta. Haangalii watu wala maduka. Kuta tu. Kaka aliwahi kumwambia kwamba alipaka jengo moja refu, la kijani, alining'inia kwa kamba siku nyingi, na kwamba ukiwa kwenye basi unaliona vizuri kabisa. Mama alikuwa anatafuta hilo.

"Hili?"

"Sijui, mama."

"Hili lina kijani kama cha majani ya mgomba. Yeye alisema kama majani ya mgomba."

Ramani akaangalia. Wameshapita majengo ya kijani matatu, na mbele aliliona la nne linakuja. Mdomo ukamwasha kusema. Akamwangalia mama yake, alivyoweka kiganja kwenye kioo, akaumeza ule uhodari wake.

"Ndiyo hilo," akasema. "Ndiyo lenyewe."

Mama aligeuza shingo kulifuata mpaka likamezwa na mengine. Halafu akasema polepole, kama anaongea na mfuko, "Amepaka vizuri. Hata kwenye kona hakuharibu."

Basi likaendelea. Watu wakashuka, wakashuka, hakuna anayepanda. Nyumba zikawa za mabati, kisha maghala, kisha uwanja wa vumbi wenye mabasi mengine yamelala. Injini ikazimwa.

"Mwisho wa safari," dereva akasema, anajinyoosha mgongo. "Wote chini."

Ramani alibaki amekaa.

"Kaka," akamwita dereva, "mbona hatujaona makaburi?"

"Makaburi?" Dereva akageuka mzima mzima. "Makaburi yako kulee. Mwisho mwingine kabisa. Mlipandia wapi?"

"Kituo kikuu."

"Upande gani wa barabara?"

Ramani alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo maishani mwake.

"Si namba ileile?"

"Namba ni ileile, kijana. Upande huu linakuja huku, upande wa pili linakwenda kule. Ulitakiwa uvuke barabara tu."

"Kwetu yanazunguka," Ramani akasema, na sauti ikamtoka ndogo kama ya mtoto wa chekechea.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anashuka na kapu lake akacheka. "Yanazunguka! Basi kaa hapo, mdogo wangu, utazungushwa na nani?" Kisha akauona uso wa mama, na mfuko unavyokumbatiwa, kicheko kikakatika katikati. "Samahani, mama," akasema, akashuka haraka.

Dereva alisema hawezi kuondoka kabla ya zamu yake, na lile lililo mbele yake ndilo litakaloanza kurudi. Wakahamia hilo. Wakasubiri. Mama hakumlaumu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Angemfokea, angemwita majina yote, Ramani angejua la kufanya, kufokewa ameshazoea. Lakini mama alikuwa ametulia, anapangusa vumbi kwenye mfuko ambao hauna vumbi.

Wakati wa kurudi foleni ilikuwa imeanza. Ile foleni ambayo basi linasogea, linafikiria, linasogea. Ramani alikuwa anaangalia saa ya simu, anaangalia barabara, miguu haitulii, kama vile akikanyaga sakafu basi litakwenda. Walipita tena lile jengo la kijani, safari hii likiwa upande mwingine. Mama alisimama akaenda dirisha la pili ili alione.

"Upande huu pia amepaka," akasema.

Walishuka makaburini wanakimbia, mama kashika mfuko kwa mikono miwili, Ramani mbele. Geti lilikuwa la chuma, refu, na lilikuwa limefungwa. Mlinzi, mzee mwenye sweta, alikuwa anaweka kufuli la pili.

"Shikamoo, baba," Ramani akasema, anahema.

"Marahaba. Kesho asubuhi."

"Baba, tunaweka kibao tu. Kigingi kipo, tunajua kilipo, ukuta wa kushoto. Hatuchukui muda."

"Nikishafunga nimefunga, mwanangu. Juzi niliwafungulia watu wa dakika tano, wakatoka na mbao za makaburi ya wenzao. Nusura kazi iniponyoke." Akamwangalia mama. "Pole, mama. Ni nani?"

"Mwanangu. Mkubwa."

Mlinzi akavua kofia. Akafikiri kidogo. "Nipeni hicho kibao basi. Kesho nikifungua tu, kabla ya chai, nakiweka mwenyewe. Nitakichimbia vizuri. Nitajieni namba tu."

Ramani alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Basi la nyumbani walikuwa bado wanaweza kuliwahi, wakiondoka sasa hivi, na wakivuka barabara ile inayotakiwa. "Mama, mpe. Mzee ni mtu mzuri. Tutaachwa."

Mama hakuutoa mfuko.

"Asante, kaka," akamwambia mlinzi, bila ukali wowote. "Una moyo. Lakini huyu alizikwa mimi sipo." Akauvuta mfuko kifuani. "Na jina lake nalo liwekwe mimi sipo?"

Mlinzi akatazama chini, na Ramani akatazama kufuli. Mama akakaa pembeni ya geti, juu ya jiwe la ukingo, mfuko mapajani kama alivyokaa kwenye basi, akaangalia ndani kupitia nondo, upande wa ukuta wa kushoto.

Sijui ni nini hasa kilichomvunja Ramani, lile swali au ule mgongo wa mama yake ulivyopinda pale. Akaenda kando, akatoa simu, akampigia mjomba. Angeweza kusema foleni. Angeweza kusema daraja. Mjomba angekubali, kwa sababu vyote vilikuwepo.

"Mjomba, haturudi leo. Nimekosea. Nimempandisha mama basi la upande usio wenyewe, tumefika geti limefungwa."

"Upande usio wenyewe? Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Mjomba alivuta pumzi. Ramani akasubiri ile kauli ya shambani, akajikaza kuipokea.

"Mama yako yuko wapi sasa hivi?"

"Amekaa chini. Kwenye jiwe."

"Mtafutie pa kukaa pa kuegemea mgongo. Mtafutie na kitu cha moto anywe. Mengine tutaongea mkifika." Simu ikakatika.

Walilala kwenye ukumbi wa kusubiria abiria pale kituo kikuu, kama kulala huko unaweza kukuita kulala. Basi lao la nyumbani liliondoka mbele ya macho yao, viti vyao viwili vitupu.

Kulipopambazuka, Ramani alikuwa mtu mwingine kabisa, mpaka anachekesha. Alimuuliza mfagiaji. Alimuuliza muuza magazeti. Alivuka barabara akamuuliza binti wa shule aliyesimama kituoni, na binti akamjibu, naye Ramani akarudia kumuuliza kwa maneno mengine, binti akamwangalia kama vile ana walakini. Namba arobaini lilipofika akakanyaga ngazi ya kwanza, akasimama hapohapo mlangoni.

"Dereva, shikamoo, hili linakwenda makaburini? Halitoki makaburini, linakwenda?"

"Linakwenda, bwana, ingia!" abiria wakajibu kabla ya dereva. "Tunachelewa kazini!"

"Mgeni?" mmoja akauliza.

"Mgeni," Ramani akasema. "Na huyu mama yangu ni mgeni pia. Tunaomba mtuambie tukikaribia."

Ungeona basi zima lilivyojipa kazi. Huyu anasema kituo cha sita, yule anasema wewe muongo ni cha saba kuna kile kipya, mwanamume mwenye nguo za fundi akampisha mama kiti cha nyuma ya dereva. Mama akakaa. Alipouweka mfuko sawa, kitambaa kikafunuka kidogo, na yule fundi akaliona jina. Hakuuliza. Alisogea tu mbele kidogo, akawa kama ukuta, ili watu wasimgonge mama.

Kwenye nguzo, karibu na bega la mama, kulikuwa na kitufe chekundu. Mama alikiona. Akamwangalia Ramani.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho hicho, mama."

"Kumbe kidogo hivi."

Jengo la kijani halikuwepo upande huu wa mji. Kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe unaanza kwa mbali, na juu yake matawi. "Mama, kinachofuata," yule fundi akasema taratibu.

Ramani akanyanyua mkono, kisha akaurudisha. Mama alikuwa ameshaweka kidole. Akabonyeza, kengele ikalia, na yeye hakukitoa kidole. Akakishikilia palepale, anabonyeza, anabonyeza, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua kuna mtu ndani, kengele inalia basi zima na hakuna hata mmoja aliyeguna.

Dereva akapunguza mwendo.

"Nimesikia, mama," akasema. "Nimesikia."