Kipande cha Milimita Hamsini

Kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi Vaileth alifika karakana ya Mtoni, akamwamkia Mzee Cyprian, akavaa ovaroli, akabana kipande cha chuma kwenye jiliwa. Jumatatu hadi Jumatano alikuwa mwanagenzi wa karakana. Alhamisi na Ijumaa alikuwa mwanafunzi wa chuo. Kipande kilikuwa na pande za milimita themanini. Alitakiwa akipige tupa kwa mkono mpaka kila upande ubaki hamsini, bila mwanga kupenya chini ya rula. Akimaliza, angepewa mashine ya kukereza chuma. Bila saa mia mbili za mashine hiyo, chuo kisingempa cheti.

Kwa kila milimita iliyotoka kwenye chuma, Vaileth alipungua sentimita mbili.

Mzee Cyprian aliliona hilo wiki ya pili. Alipima kipande, akampima na yeye, akaandika namba zote mbili kwenye daftari moja.

"Upande wa kushoto umebinuka," alisema.

"Na mimi?"

"Wewe umenyooka. Endelea."

Kila Jumapili wakitoka kanisani, mama yake alikunja pindo za ovaroli. Kitambaa kilichozidi hakukikata. Chuoni, Mwalimu Benedicta alimhamishia dawati la mbele, baadaye akamruhusu kusimama juu ya kiti. Alama zake hazikushuka.

Mwezi wa tano kipande kilitimia. Mzee Cyprian alikigeuza pande zote sita, akakiinua dirishani pamoja na rula. Mwanga haukupita.

"Hiki sasa ni chuma," alisema, naye hakuwa mtu wa kusifu.

Vaileth alikwenda kwenye mashine. Alinyoosha mkono, vidole vikaishia chini ya swichi. Akaleta kreti la soda. Mzee akalisukuma kwa mguu.

"Usalama kazini. Hapa hatusimami juu ya makreti."

"Na saa zangu mia mbili, mzee?"

"Kuna boila limeletwa. Tundu lake mtu mzima hapiti. Tangu Hija aondoke hatuna wa kuingia."

"Hija alikuwa mfupi?"

"Alipokuja? Alikuwa anakuzidi."

Vaileth aliingia na taa na brashi ya waya, akakwangua kutu. Wiki iliyofuata likaja boila jingine. Kwenye kitabu cha mafunzo cha Vaileth, Mzee aliandika "boila" kila siku, na chuo kikajibu kwamba boila si mashine ya kukereza.

Mwezi wa nane, mwaka mpya wa chuo ulipoanza, alikuja mwanagenzi mpya, Praygod, mrefu wa kuinama mlangoni. Mzee Cyprian alimkabidhi tupa na kipande cha milimita themanini. Vaileth akachungulia nje kupitia tundu la boila.

"Mambo, dogo," Praygod alisema.

"Poa. Mie mwaka wa pili. Mama yako anajua kushona?"

"Anajua."

"Mwambie asikate kitambaa."

Kisha akarudi ndani, maana upande wa chini ulikuwa bado na kutu.