Mashuka ya Njano

Hamsini na nne.

Mama Kidege hakuiamini hesabu yake, akaanza upya. Vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wa baba mkwe wake, macho kwenye saa iliyoning'inia kifuani mwake, midomo ikitembea bila sauti. Dakika nzima. Huwezi kuhesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, si kwa moyo wa mzee huyu, uliokuwa na tabia ya kukimbia hatua tatu kisha kusimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Hamsini na mbili.

"Haya, mmemaliza kushikana mikono?" wifi yake aliuliza kutoka upande wa pili wa kitanda, mkoba ukiwa umebanwa kwapani. "Mpe mzee dawa yake basi. Daktari ameandika saa tatu, na sasa ni saa tatu na robo."

"Leo sitampa, wifi."

"Hutampa?"

"Mapigo yako chini. Kidonge hiki cha moyo chenyewe kinapunguza mapigo. Yakiwa chini ya sitini hatutoi mpaka daktari amwone."

"Jana pia hukumpa."

"Jana pia yalikuwa chini. Na daktari aliniambia nisubiri."

Wifi alimgeukia mama yake, aliyekaa kwenye stuli akimpepea mzee kwa kipande cha boksi. "Mama, unasikia maajabu? Daktari anaandika, nesi anafuta."

Mama mkwe aliongeza kasi ya kupepea tu.

Siku tatu zilikuwa zimepita tangu mzee aletwe, miguu imevimba kama mito na pumzi inamkimbia. Alikuwa fundi cherehani, miaka arobaini kiti kimoja, na mtaa mzima ulikuwa umepita mikononi mwake kuanzia sare za shule mpaka magauni ya harusi. Alipolazwa, familia ilishusha pumzi. "Tuna mtu wetu mle ndani," wakaambizana. Mtu wetu maana yake ni mtu wa kuongeza mto, wa kuleta maji ya moto, wa kumvuta daktari aje kwetu kwanza. Hata walinzi wa mlangoni waliwaachia waingie saa yoyote, kwa kuwa ni watu wa sista.

Mtu wetu mwenyewe alikuwa amemwomba msimamizi wa wodi kitanda namba kumi na moja kishikwe na mwingine. Msimamizi alimwonyesha ratiba ukutani kwa kidole: wauguzi wawili, vitanda thelathini. Hakuna zaidi ya hapo.

Na kule nyumbani, wageni walipokuja, mama mkwe alikuwa na namna yake ya kulieleza jambo. "Mkwe wangu yuko hospitali," angesema, halafu ananyamaza ili mgeni ajijazie mwenyewe. Mgeni akiuliza, "Daktari?" mama anajibu, "Anakaribia." Maana mkwe wake si alikuwa anasoma jioni? Mtu hawezi kumwachia wifi yake mtoto siku tatu kwa wiki, arudi na madaftari kwapani, kumbe anasomea uuguzi huohuo alionao. Mama Kidege alikuwa ameeleza mpaka amechoka. Siku hizi alicheka tu, akabeba mtoto wake akaenda kulala.

Asubuhi hiyo Kidege mwenyewe, miaka mitatu na nusu, alikuwa amemshika gauni mlangoni: "Mama, unaenda kufanya nini?" Naye mbio mbio akajibu, "Kuhesabu, mwanangu." Mtoto aliridhika kabisa. Laiti watu wazima wangekuwa hivyo.

Alichukua chati, akaandika: *Haikutolewa. Mapigo 52, dakika nzima. Daktari ataarifiwa.* Akatia saini. Alipoinua macho, wifi alikuwa amenyoosha simu juu ya chati. Ikalia, *kachaa*.

"Unapiga picha ya nini?"

"Kumbukumbu," wifi alisema, akiingiza simu mkobani. "Ya familia."

Mama Kidege aliendelea na toroli yake, kitanda cha kumi na mbili, cha kumi na tatu, lakini miguu ilikuwa mbele na kichwa kimebaki nyuma. Alipiga simu ya ndani. Daktari yuko chumba cha upasuaji, akaambiwa, akitoka tutampa ujumbe. Mwambieni ni haraka. Kila mtu anasema ni haraka, sista.

Kisha simu yake mwenyewe ikatetemeka mfukoni. Mume wake.

"Mama Kidege, kwani kuna nini huko? Kundi la familia linawaka moto. Ba'mdogo anauliza kama una ugomvi na baba."

"Ugomvi gani tena? Mapigo yako chini."

"Sawa, sawa, najua. Lakini si ungempa tu, halafu mambo mengine aamue daktari? Usijibebeshe mzigo usio wako."

"Huo ndio mzigo wangu," alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyotaka. Mgonjwa wa kitanda cha kumi na tatu akafungua jicho moja. "Nitakupigia baadaye, Baba Kidege. Niko na dawa za watu."

Lakini neno la mume lilikuwa limeingia kama mwiba. Je, kama amekosea? Je, kama mzee atazidiwa na maji mwilini kwa sababu yeye amebana kidonge? Akaosha mikono, akasahau kama ameosha, akaosha tena. Kuna kitu hakikukaa sawa, na kilikuwa kinamwasha kama upele mahali usipofika mkono.

Jana asubuhi, hamsini na nane. Hakumpa dawa. Leo, hamsini na mbili. Dawa ikisimamishwa, mapigo hupanda. Yakichelewa, hubaki palepale. Haya yalikuwa yanashuka. Bomba umelifunga, na ndoo bado inajaa. Maji yanatoka wapi?

Alirudi kitanda cha kumi na moja, ingawa zamu yake ya mzunguko haikuwa imefika. Mzee alikuwa ametapika. Mama mkwe alimpokea na beseni mkononi na uso uliokunjamana.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Kwanza umpanguse huyu. Pili, badilisha mashuka haya. Baba yako analalamika tangu alfajiri kwamba ni ya njano."

Mama Kidege aliyatazama. Yalikuwa meupe. Yamechakaa, yana mhuri wa hospitali uliofifia pembeni, lakini meupe.

"Mbona meupe, mama?"

"Hata mimi nayaona hivyo. Lakini baba yako hajawahi kukosea rangi. Mtu anakuletea uzi mweusi, yeye anakwambia huu ni wa buluu, ukienda nao juani ni wa buluu kweli. Akisema njano, basi hawa wafuaji wenu wameharibu kitu ambacho macho yetu hayakioni."

"Ndiyo shida ya hospitali hizi," wifi alidakia. "Kazi ya shuka nayo inawashinda."

Mama Kidege hakuwasikia tena. Moyo wake mwenyewe ulikuwa umeanza kwenda mbio za kutosha watu wawili. Alichomoa bendeji mpya kwenye toroli, akaifungua karatasi, akaiweka kwenye kiganja cha mzee.

"Baba. Niangalie, baba. Kitambaa hiki ni cha namna gani?"

Mzee aliisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama alivyofanya maelfu ya mara mezani kwake. "Pamba," alisema. "Imefumwa kwa uzi mwepesi. Fundi wake mvivu."

"Na rangi?"

"Njano. Kama ndizi mbivu." Akanyoosha kidole dhaifu juu. "Na ile taa yenu mmeivika shada. Ina duara la kijani."

"Tangu lini, baba?"

"Jana jioni. Nikadhani mnasherehekea."

Mama mkwe alicheka. Mama Kidege hakucheka. Alikuwa ameyasoma hayo, neno kwa neno, kwenye madaftari ya darasa la jioni, nyumbani, mtoto akiwa amelala mapajani: kutapika, mapigo kushuka, dunia kugeuka njano. Dalili za mtu aliyelishwa kidonge hicho kupita kiasi. Ila huyu hajapewa hata kimoja tangu juzi.

Hajapewa na nani?

Aliinua macho polepole, akamtazama wifi yake. Wifi alikuwa ameubana ule mkoba kwapani. Tangu asubuhi hakuuweka chini hata mara moja.

"Wifi. Vidonge vya baba vya nyumbani, vilevile vya moyo, viko wapi?"

"Viko nyumbani."

"Wifi."

"Unaniangaliaje hivyo? Mimi mgonjwa wako?"

"Nakuuliza kwa wema kabisa. Umempa?"

Wodi ilikuwa na kelele zake za kawaida, vijiko, kikohozi, redio ndogo ya kitanda cha dirishani. Mama mkwe aliacha kupepea.

"Na ningefanya nini?" wifi alilipuka. "Nikae nitazame? Dawa ameandikiwa na daktari, mtu aliyesoma! Wewe kazi yako ni kutoa, hutoi. Nikamfidia baba yangu. Kuna kosa gani mtoto kumpa baba yake dawa yake mwenyewe?" Akafungua mkoba, akaitupa chupa ndogo kitandani. Ilidunda kwenye goti la mzee.

"Vingapi?"

"Viwili. Viwili tu."

Mama Kidege alishika mkono wa mzee. Arobaini na sita. Safari hii hakusubiri simu ya ndani imtafutie mtu. Alimtuma muuguzi mwenzake mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akaleta mwenyewe mashine ya kupima moyo, akambandika mzee nyaya kifuani, akamwekea sindano ya mshipa ili njia iwe wazi.

Daktari alikuja na kofia ya upasuaji bado kichwani. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. Alisoma karatasi ya mashine, akasoma chati, akarudi tena kwenye chati.

"Na leo pia uliibana dawa. Vizuri," alimwambia Mama Kidege. "Vidonge vya nyumbani ni vingapi?"

"Viwili, wanasema."

"Viwili," wifi alirudia haraka.

Daktari alikuna shavu. "Kama ni viwili, tunamwangalia hapahapa. Kama ni zaidi, aende hospitali kuu sasa hivi. Ile dawa ya kuivuta sumu hii iko kule tu. Lakini barabara ile inamsumbua mgonjwa wa moyo, simpandishi kwenye gari bila sababu. Sista, andika yote, nihesabie kila robo saa. Naenda kumshona niliyemwacha mezani, nirudi."

"Mungu akubariki, daktari, umetuokolea baba," mama mkwe alimwambia akiondoka. Daktari aligeuka kama anayetaka kusema kitu, akaitwa, akaenda.

Mama Kidege alivuta faili, akaandika *viwili*. Hesabu ilikataa. Mapigo yaliyoanza kushuka jana, na rangi zilizogeuka jana jioni, haviletwi na vidonge viwili vya leo.

Wifi alikuja akasimama nyuma ya bega lake. Sauti yake ilikuwa imeshuka, haina tena makali.

"Wifi, unaandika nini?"

"Kilichotokea."

"Andika tu alizidiwa. Watu huzidiwa. Mimi ni wifi yako, mtoto wako namwogesha mimi ukiwa masomoni." Akaugusa ukingo wa faili. "Wakisoma kaka zangu kwamba nimemtia baba sumu, nitaishi wapi?"

"Jina lako siandiki. Naandika 'ndugu'."

"Nani atakayesoma, kwani? Si karatasi tu ya manesi?"

Mama Kidege aliweka kalamu chini. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira asiipate. Alikiona tu kidevu cha wifi yake kikitetemeka, sawasawa na cha Kidege akivunja kikombe.

"Wifi, nikitoka saa nane anaingia mwingine. Hamjui baba, hakujui wewe, hajui habari za mashuka. Anachojua ni hii karatasi. Nikiacha viwili, baba atatunzwa kama mtu wa viwili. Atawekwa hapa, ataangaliwa vizuri sana, na kama vilikuwa zaidi ya viwili..." Hakumaliza. "Sikuulizi kama mke wa kaka yako. Nakuuliza kama nesi wake. Vilikuwa vingapi?"

Kitandani mzee alikuwa anasinzia, kidole gumba kikiendelea kuisugua bendeji.

Wifi alimtazama baba yake.

"Jana mchana viwili," alisema hatimaye. "Jioni viwili. Leo asubuhi, mlipokuwa mnapokezana zamu, viwili." Machozi yakamtangulia. "Nilitaka apone haraka. Niliona hamna mtu anayemfanyia kitu."

"Sita."

"Sita. Andika. Na jina andika, wifi, wakinitaka wanijue."

Mama Kidege alilikata neno *viwili* kwa mstari mmoja ulionyooka, likabaki linasomeka, akaweka saini ubavuni, akaandika *sita* na saa za kila jozi. Jina hakuliandika. Alinyanyua mkono wa simu, na safari hii alipoambiwa daktari yuko mezani alisema, "Mwekeeni simu sikioni."

Mlio wa vyuma. Kisha sauti ya uchovu: "Ndiyo, sista."

"Ni sita, daktari. Tangu jana mchana. Mapigo arobaini na manne. Naita gari?"

"Ita. Nakuja kusaini. Utaenda naye wewe?"

"Nitaenda naye."

Alikata, akapiga namba ya gari la wagonjwa, akasema kitanda gani, mlango upi, machela ya aina gani. Wifi alikuwa bado amesimama palepale, mkoba umefunguka, mikono haina pa kwenda.

"Mimi nifanye nini?"

"Kaa hapa kichwani kwake. Zungumza naye asilale. Muulize habari za vitambaa. Akitapika, mgeuze ubavu hivi, uniite. Akichelewa kujibu, usisubiri, niite."

Wifi alikaa. Alifuta uso kwa mkono wa blauzi, akainama.

"Baba," alisema, "hebu niambie, hii blauzi yangu nayo unaionaje?"

Mzee alifumbua macho, akaitazama kwa muda mrefu mno, na Mama Kidege, akikunja nyaya mlangoni, akaacha kukunja ili asikie.

"Mshono wa bega," mzee alisema, "aliyekushonea alikuibia."