Kompyuta Ilisema Hakuna

Saa mbili na nusu asubuhi kompyuta ya hospitali ilisema mgonjwa hana mzio wa dawa yoyote, na daktari wa usingizi akaiamini. Mgonjwa mwenyewe, mama wa miaka sabini aliyekuwa apasuliwe nyonga saa nne, alikataa katakata.

"Nilipotolewa kidole tumbo kuna sindano ilitaka kuniua," alisema. "Nasikia kila kitu, lakini kupumua siwezi, hata kope siinui. Jina la dawa silijui. Sikuwa na nafasi ya kuuliza."

"Shangazi, una uhakika?" aliuliza Msumari.

Msumari ndiye aliyeandika programu ya kutafuta rekodi za wagonjwa. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu akishaingia kwenye kazi hang'oki. Mgonjwa alikuwa dada wa baba yake, aliyemlea tangu darasa la kwanza, na hakuwa mtu wa kutia chumvi. Swali lilipomtoka tu, Msumari alitamani kulimeza. Akamwomba daktari muda wa saa moja, na majina ya dawa zote za kulaza watu na kulegeza misuli, akakimbilia chumba chake cha kazi.

Rekodi za zamani zilitoka katika hospitali ndogo zilizokwisha kufungwa. Zote zilikuwa faili za XML, yaani maandishi ambayo kila habari imefungiwa ndani ya lebo, na lebo ndani ya lebo nyingine, kama vikopo kabatini. Balaa ni kwamba kila hospitali ilipanga kabati lake ilivyojisikia. Programu ya Msumari ilikuwa na adabu kupita kiasi: ilifungua lebo ya mgonjwa, ndani yake historia, ndani yake mzio. Isipokuta kitu hapo, ilijibu "hakuna" na kwenda zake. Kwa miaka miwili watu wazima na vyeti vyao walilisoma hilo "hakuna" kama habari njema.

Akaifuta njia hiyo. Akaandika agizo jipya: tafuta namba ya rekodi ya shangazi popote, hata ikiwa imezama chini kiasi gani. Faili ikapatikana. Tafuta lebo ya mzio popote. Haipo. Lakini kurudi mikono mitupu hakutaka hata kukufikiria. Akaachana na lebo kabisa, akaingiza majina ya dawa moja moja, yatafutwe ndani ya maandishi yenyewe. La kwanza, patupu. La pili, patupu. La saba likajibu.

Akapanda kutoka kwenye neno hilo hadi kwenye lebo iliyolibeba, nusura acheke. Muuguzi fulani, ambaye fomu yake haikuwa na nafasi ya maonyo, alikuwa amelipenyeza onyo lake kwenye orodha ya mali za mgonjwa: "Miwani moja. Viatu jozi moja. Asipewe tena suksamethoniamu ya kulegeza misuli. Alipumua kwa mashine kutwa nzima."

Saa tatu na nusu karatasi ilikuwa mkononi mwa daktari. Aliisoma mara mbili, akafuta dawa moja kwenye mpango wake, akaandika nyingine.

Msumari angeweza kuishia hapo na kupongezwa. Badala yake alirudi akalielekeza agizo lile kwenye rekodi zote. Mbali na shangazi, wagonjwa arobaini walikuwa na onyo mahali fulani, na wote programu ilikuwa imewajibia "hakuna". Akaichapa orodha, akampelekea daktari bila kumung'unya maneno.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliiandika mimi."

Shangazi alikuwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu, mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Msumari akamshika mkono.

"Nisamehe, shangazi. Niliiamini kazi yangu kuliko wewe. Na kuna wengine arobaini kama wewe."

"Mimi nilikuwa na mtoto wa kaka humu ndani," alisema shangazi. "Nenda kawatafute wasio na mtu."

Mlango ukafungwa. Msumari akarudi kwenye kiti chake, akavuta simu, akaanza na namba ya kwanza.